Ominde mara nne: Uzamili wa elimu unapogeuka kiporo

Jioni moja hapa Keumbu, kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, rafiki yangu alinipangia madaftari manne mezani. Ni mwalimu wa sekondari na anasomea uzamili wa elimu wakati wa likizo, kama walimu wengi wa huku. "Fungua tu popote," akaniambia. Kozi ya historia ya elimu: Tume ya Ominde, 1964. Kozi ya mtaala: Ominde. Usimamizi wa shule: Ominde tena. Uchumi wa elimu? Wacha nisiseme.

Na Ominde haji peke yake. Nyuma yake kuna foleni ileile: Gachathi 1976, Mackay 1981, Kamunge 1988, Koech 1999. Piaget na Maslow walimshika tangu digrii ya kwanza na bado hawajamwachilia. Lile jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, la kukadiria ukubwa wa sampuli, alifundishwa kwenye mbinu za utafiti, likarudi kwenye takwimu, likarudi tena kwenye semina ya kuandaa pendekezo la tasnifu. Kilichobadilika, anasema, ni rangi ya slaidi.

Utacheka, lakini kila kozi ina bei yake. Huyu analipa kwa mkopo wa sacco, na makato huanza kabla mshahara haujagusa simu. Zamani angejifariji kwamba karatasi ya uzamili itampandisha cheo. TSC ilishaachana na mambo hayo. Miongozo iliyokuja na mkataba wa walimu wa 2017-2021 haimpi mwenye uzamili cheo moja kwa moja. Kwa hivyo anachonunua pale ni maarifa yenyewe. Sasa akiuziwa yaleyale mara nne?

Tusiwe wepesi wa kulaumu, ingawa. Kurudia si kosa. Jerome Bruner aliandika mwaka 1960 kwamba mtaala mzuri hurudi kwenye jambo lilelile, kila mara kwa kina zaidi. Ominde anastahili kurudiwa hivyo. Kwenye historia, msome kama mtu aliyepewa kazi ya kuunganisha shule zilizogawanywa kwa rangi. Kwenye uchumi wa elimu, mgeuze. Ripoti yake ilitaja elimu ya msingi ya bure kuwa lengo. Ada za madarasa ya chini ziliondolewa 1974, halafu zikarudi kwa mlango wa nyuma zikiitwa pesa za majengo, hadi zilipofutwa 2003. Katika miaka hiyo yote, nani alilipa? Watoto wa nani walibaki nyumbani kuchuma majani chai? Hilo ni swali la uzamili. Kuorodhesha tume na miaka yake ni swali la cheti, na mtihani wake unaweza kuupita kwa kukariri usiku mmoja.

Tatizo liko wapi? Kila kozi huandikwa na mtu wake katika idara yake, na hakuna anayeziweka zote kwenye meza moja. Mhadhiri wa muda anayekimbia kutoka kampasi hii hadi ile hana nafasi ya kuuliza mwenzake amefundisha nini. Anafungua faili lake la zamani, anaanza na "usuli," na usuli wa elimu Kenya, kila mtu anajua, ni tume. Wiki za likizo ni chache. Usuli ukiisha, likizo imeisha.

Dawa yenyewe haihitaji tume nyingine. Idara ichapishe muhtasari wa kozi zote, ikae mchana mmoja na kalamu nyekundu, iamue Ominde anakaa wapi. Kozi nyingine zimtaje kwa aya moja na kuendelea. Nawe unayefikiria kujisajili, omba mihtasari hiyo kabla ya kulipa. Wakikataa kukuonyesha, hapo una jibu.

Rafiki yangu alishajaribu kumwuliza mhadhiri darasani. Akaambiwa kurudia ndiyo mama ya elimu. Amebakisha kozi mbili, moja inaanza Agosti. Amenitumia muhtasari wake kwenye WhatsApp, na mada ya kwanza ni maendeleo ya elimu nchini Kenya tangu uhuru.