Dhahabu ya Geita na Funzo kwa Visiwa Vyetu

Mkulima wa karafuu wa Pemba anayafahamu vema mambo ya mizani. Amechuma, amechambua vikonyo, ameanika juani na kuanua mvua ilipotishia, kisha amefunga gunia lake na kulifikisha katika kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Bei ameshatangaziwa. Lakini uzito na daraja la karafuu zake ni mambo anayotaka kuyaona kwa macho yake mwenyewe, kwani anajua kwamba hapo ndipo jasho la msimu mzima linapogeuka kuwa fedha.

Hali ni hiyo hiyo katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Mchimbaji mdogo aliyeshuka katika duara, akapandisha mbale, akaisaga kwa karasha na kuiosha mwaloni, huingia sokoni humo na kipande kidogo cha dhahabu. Kipande hicho hupimwa uzito, hupimwa usafi, na bei yake hukadiriwa kwa kufuata ile ya soko la dunia. Kabla ya masoko hayo kuwapo, wengi waliuza kwa madalali huko huko machimboni, kwa mizani ya mnunuzi na kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Mwaka huo huo wa 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5, na sababu ya kuuza kwa siri ikapungua.

Tumeanza na mizani kwa makusudi. Kila mwaka wakuu wa serikali na wakuu wa makampuni hukutana katika miji mikubwa ya dunia kuzungumzia nafasi ya nchi zinazoinukia katika masoko ya kimataifa. Hotuba husomwa na matumaini hutolewa. Sisi tunaona kwamba nafasi hiyo haipatikani kwa hotuba. Bei ya dhahabu haipangwi Geita wala Dodoma, kama vile bei ya karafuu isivyopangwa Wete wala Mkoani. Yaliyo katika uwezo wetu ni mengine: kujua tulicho nacho, kukipima wenyewe, na kuusoma mkataba kabla ya kuutia saini. Nchi inayoyaacha hayo mikononi mwa mgeni hubaki mchuuzi katika soko ambalo mali yake ndiyo inayouzwa.

Pengine msomaji wa Unguja atauliza, dhahabu ya Sukumani inamhusu nini mtu wa visiwani, ambaye Serikali yake haina mamlaka juu ya migodi ya Bara? Inamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sarafu, benki kuu na fedha za kigeni ni mambo ya Muungano. Tangu Oktoba 2024 Benki Kuu ya Tanzania imewataka wenye migodi na wafanyabiashara watenge angalau asilimia 20 ya dhahabu wanayokusudia kuisafirisha nje, isafishwe nchini na kuuzwa kwa Benki hiyo. Dhahabu hiyo huwekwa akiba, na akiba hiyo ni nguzo ya shilingi ile ile inayonunua mchele Darajani na Chake Chake. Pili, visiwa vyetu navyo vimeingia katika biashara ya mikataba ya aina hii. Mwaka 2018 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitia saini mkataba na kampuni ya RAK Gas ya Ras al-Khaimah kuhusu kitalu cha mafuta na gesi cha Pemba na Zanzibar, na mwaka 2024 ikanadi vitalu vingine vya baharini. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Yafaa basi tutazame jinsi wenzetu wa Shinyanga na Geita walivyonyolewa.

Tuanze na Mwadui. Mwaka 1940 John Williamson, Mkanada aliyekuwa mtaalamu wa miamba, aligundua almasi mahali hapo, si mbali na mji wa Shinyanga. Alipofariki mwaka 1958, kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika ya wakati huo ziliununua mgodi kwa nusu kwa nusu. Almasi si kama dhahabu. Dhahabu bei yake hutangazwa London na kila mtu huisikia. Almasi kila jiwe lina thamani yake, na anayeijua thamani hiyo ni yule aliyefundishwa kulitazama. Septemba 2017 Serikali ilizuia shehena ya almasi za Mwadui katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, ikisema kwamba thamani iliyoandikwa ilikuwa pungufu. Kampuni ya Petra, mwenye hisa nyingi katika mgodi wakati huo, ilikanusha. Hatukusudii kuamua hapa nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba mgodi uliokuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 haukustahili kuwa bado na ubishi juu ya thamani ya mzigo wake.

Geita nako kuna historia ndefu. Mgodi wa kwanza mkubwa ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966, kisha ukafungwa. Wachimbaji wadogo wakaendelea kwa sururu na karai. Katika miaka ya 1990 Serikali iliamua kuwakaribisha wawekezaji wakubwa. Yafaa tuwe waadilifu katika kuuhukumu uamuzi huo. Mwaka 1999 wakia moja ya dhahabu ilishuka chini ya dola 260, hazina ilikuwa haina fedha za kuchimba mashimo ya kina kirefu, na mtaji ulikuwa na mahali pengi pa kwenda. Sheria ya Madini ya 1998 ikaweka mrabaha wa asilimia 3 na nafuu nyingi za kodi. Mgodi wa Geita ukafunguliwa mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001 na wa Buzwagi mwaka 2009, hii miwili ikiwa katika eneo la Kahama, mkoani Shinyanga. Katika miaka michache Tanzania ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa dhahabu barani Afrika. Hayo hayakuwa mafanikio madogo.

Hata hivyo, gharama nazo hazikuwa ndogo, na wa kwanza kuzilipa walikuwa wanyonge. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa, na namna walivyoondolewa imebishaniwa kwa miaka mingi. Bei ya dhahabu ilipopanda, masharti ya mikataba hayakupanda pamoja nayo. Mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini Februari 2007 mjini London, katika hoteli, mbali sana na watu wa Kahama ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa. Mbunge Zitto Kabwe alipoifikisha habari hiyo Bungeni, yeye ndiye aliyesimamishwa, Agosti mwaka huo. Lakini swali alilouliza halikusimamishwa. Miezi michache baadaye Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kuichunguza sekta nzima ya madini, na sheria mpya ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 4.

Kisha likaja suala la makinikia. Machi 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kusafirisha nje mchanga huo wenye dhahabu, shaba na fedha, na makontena 277 yakazuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilipima kilichomo, na kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikachunguza sheria na uchumi wake. Kampuni ya Acacia ikaandikiwa madai ya kodi, adhabu na riba yafikiayo dola bilioni 190, nayo ikayakataa. Mwaka huo sheria zikabadilishwa: mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 6, ada ya ukaguzi ikawekwa asilimia 1, na Serikali ikapewa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila ya kuzilipia. Mazungumzo na kampuni ya Barrick yalimalizika kwa kutiwa saini Januari 2020. Ikaundwa kampuni ya Twiga, Serikali ikiwa na asilimia 16, manufaa ya kiuchumi yagawanywe nusu kwa nusu, na zilipwe dola milioni 300 kumaliza madai.

Wako wanaoutazama mwisho huo na kusema tulishinda. Wako wanaolinganisha bilioni 190 na milioni 300 na kusema tulishindwa. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinaacha jambo kubwa zaidi. Kwa karibu miaka 20 makinikia yalipita bandarini, na baada ya miaka hiyo yote taifa lililazimika kuunda kamati ya maprofesa ili lijue kilichomo ndani ya makontena yake. Mali bila daftari, hupotea bila habari. Na kusahihisha daftari baada ya miaka 20 ni ghali. Uchimbaji wa chini ya ardhi Bulyanhulu ulisimama, wafanyakazi wengi wakapoteza kazi zao, na wenye maduka na mama lishe waliowategemea wafanyakazi hao wakakosa wateja. Aliyeulipia uzembe wa siku ya saini hakuwa yule aliyeshika kalamu.

Tangu hapo yako mambo mema yaliyofanyika, na hatuna budi kuyataja. Masoko ya madini yamefunguliwa. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Mwanza Juni 2021. Benki Kuu inanunua. Nayo bei imepanda kuliko wakati wowote: dhahabu iliyokuwa na bei rasmi ya dola 35 kwa wakia mwaka 1971 ilivuka dola 4,000 Oktoba 2025. Lakini bei kubwa ina hatari yake, kwani hufunika makosa. Sisi wa visiwani tunaijua habari hiyo. Karafuu zetu zilipata bei nzuri katika miaka ya 1970, mnunuzi wetu mkubwa akiwa Indonesia. Indonesia ilipanda mikarafuu yake, ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Waliodhani kwamba neema ile ni ya kudumu waliachwa na magunia yao. Hata hivyo mkarafuu huzaa tena msimu ukifika. Dhahabu ikishatoka haioti, na mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa 2009, ulikoma kuzalisha mwaka 2021. Gesi ya chini ya bahari, ikipatikana, itakuwa kama dhahabu, si kama karafuu.

Kwa sababu hiyo tunawaomba viongozi wetu na maofisa wa Serikali, wa pande zote mbili za Muungano, wayapime mambo matatu.

La kwanza ni mkataba. Mkataba wowote wa mali ya ardhini au baharini ufikishwe kwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kabla ya kutiwa saini, na masharti yake makubwa yachapishwe kwa Kiswahili ambacho mvuvi wa Nungwi na wa Makangale atakielewa. Tunajua itasemwa kwamba siri ya biashara ni lazima ilindwe, na kwamba mwekezaji ataogopa. Sheria ya 2015 kuhusu uwazi katika tasnia ya uziduaji, iliyotungwa na Bunge la Muungano, iliagiza mikataba itangazwe, kwa hiyo hatuombi jambo geni. Mwekezaji mwenye nia njema anapata faida katika mkataba unaojulikana, kwa kuwa mkataba wa namna hiyo haupinduliwi kila anapokuja kiongozi mpya.

La pili ni mizani. Serikali isiingie katika mazungumzo kabla ya kuwa na wataalamu wake wa miamba, wa hesabu na wa sheria, wanaoweza kubishana na wataalamu wa upande wa pili kwa takwimu walizozikusanya wenyewe. Vijana wetu wapelekwe kusoma sasa, si siku kisima kitakapotoboka. Na watakaporudi walipwe vema, wasije wakachukuliwa na kampuni ile ile waliyopaswa kuikagua.

La tatu ni jirani. Mtu anayeishi karibu na mgodi, au mvuvi ambaye dago lake liko mbele ya kisima cha gesi, aulizwe kabla, afidiwe kwa wakati, na apewe sehemu inayoonekana ya manufaa. Hatusemi hivi kwa huruma peke yake. Mgodi uliozungukwa na watu wenye kinyongo unahitaji ukuta na askari, na gharama za askari hupunguza faida ya wote.

Kwa upande wa Benki Kuu, ombi letu ni dogo. Iwaeleze wananchi wa Unguja na Pemba kila mwaka, kwa lugha nyepesi, ni kiasi gani cha dhahabu kimewekwa akiba kwa ajili ya sarafu yao, na kimenunuliwa kwa bei gani. Wao ni wenye mali pia.

Mkulima wa karafuu haoni aibu kusogea karibu na mizani na kuuliza, "Mbona umeandika hivyo?" Karani mwaminifu hachukii swali hilo, humwonyesha. Tungependa kuona taifa letu likisogea hivyo hivyo mbele ya wanunuzi wa dunia, na viongozi wetu wakikubali kuulizwa hivyo hivyo na wananchi wao. Wino wa mkataba hukauka kwa dakika moja, na watoto wetu ndio watakaoishi nao.