Kura 534 Hazikutosha

Ndugu msomaji, chukua kalamu tujumlishe. Mwezi Julai 1995, mkutano mkuu wa CCM Dodoma ulichagua mgombea urais. Wajumbe waligawanyika. Ndugu Kikwete alipata kura 534, Ndugu Mkapa 459, Ndugu Msuya 336. Jumla yake ni 1,329.

Je, Kikwete alishinda? Hapana. Kanuni ilitaka zaidi ya nusu, yaani kura 665. Msuya akatolewa, wawili wakapigiwa tena. Mkapa 686, Kikwete 639. Kikwete akakubali. Urais aliupata mwaka 2005.

Sisi tulichagua mwenyekiti wa ushirika kijijini bila kusomewa kanuni. Kanuni tuliiuliza baada ya kuhesabu! Msimu ule hata bomba la kupulizia dawa hatukuazimana.