Kitabu cha Bingwa Hakitakunadia

Wanaojifunza briji, mchezo wa karata wa wawili wawili, wana imani moja sugu: tafuta kitabu kinene cha mfumo wa kunadi, kilichoandikwa na bingwa, kihifadhi chote, nawe utashinda. Imani hiyo imewafaa wauza vitabu kuliko wachezaji.

Itazamwe timu ya Italia, maarufu kama Blue Team, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa Bermuda Bowl mara 10 kati ya 1957 na 1969. Ndani ya timu hiyo hiyo hapakuwa na mfumo mmoja: Avarelli na Belladonna walinadi kwa mfumo wa Roma, huku Forquet na Garozzo wakitumia ule uliozaliwa Napoli. Mwaka 1969 Taiwan iliingia fainali na mfumo mpya wa Precision, uliobuniwa na C. C. Wei. Ikafungwa na Waitalia. Hata hivyo, watu wakazigombea nakala za vitabu vya Precision!

Kunadi ni mazungumzo ya watu wawili, na hapo ndipo kitabu kizuri kinapoweza kuharibu mchezo. Chukua mchezaji aliyesoma Acol, mfumo wa Waingereza. Ana pointi 13 za karata kubwa, na karata zake zimegawanyika sawasawa; anafungua kwa 1 bila turufu, kwa kuwa Acol hutaka 12 hadi 14. Mwenzake amesoma kitabu cha Marekani, ambako mnada huo humaanisha 15 hadi 17. Ana pointi 10, anapiga hesabu ya 25 au zaidi, anaruka moja kwa moja hadi 3 bila turufu. Jumla yao ni 23 tu, na sasa wanadaiwa mizunguko 9 kati ya 13. Kila mmoja ametii kitabu chake neno kwa neno.

Vitabu vya zamani navyo vina mtego wake. Blue Book ya Culbertson ya 1930 ilitikisa dunia, lakini haitumii hesabu ya pointi aliyoieneza mwandishi mwingine, Goren, mwishoni mwa miaka ya 1940. Ni hazina kwa mwanahistoria. Anayeanza leo itampoteza.

Na S. J. Simon, mmoja wa waasisi wa Acol? Kitabu chake mashuhuri, Why You Lose at Bridge cha 1945, hakishughuliki sana na mfumo. Kinashughulika na makosa ya kawaida mezani, likiwamo la kumtaka mwenzi dhaifu acheze kama bingwa.

Basi anayekwenda dukani aende na mwenzake. Wafungue kurasa za mwanzo, waulize mambo mawili: 1 bila turufu ni pointi ngapi, na kopa au shupaza hufunguliwa kwa karata 4 au 5? Majibu yakitofautiana na ya wenzao wa mezani, kitabu kirudi rafuni, hata kama mwandishi ana makombe kabati zima.