Tuanze na "Ni" na "Ina"

Mwanafunzi wa sekondari anayeanza kujifunza uandishi wa programu kwa njia ya vitu aghalabu hukabidhiwa istilahi nne azikariri: klasi, kitu, ufichaji na urithi. Huzikariri, huzijibia mtihani, kisha akiketi mbele ya kompyuta hajui aanzie wapi. Kwa maoni yangu, kosa si lake. Sisi walimu tumetanguliza majina kabla ya mambo yenyewe.

Historia yatuonyesha njia nyingine. Fikra hizi zilizaliwa Oslo, nchini Norwei, katika miaka ya 1960. Wataalamu wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitaka kompyuta iige mwenendo wa mambo ya dunia, kama vile foleni. Kutokana na haja hiyo ilipatikana lugha ya Simula 67, iliyoleta klasi, vitu na urithi. Foleni ilitangulia, istilahi zikafuata.

Nasi tunazo foleni zetu. Tutazame kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam. Klasi ni kalibu, tuiite Pantoni. Yaeleza kwamba kila pantoni ina idadi ya magari iliyobeba na upande ilipo, na kwamba yaweza kupakia, kuvuka na kushusha. Kalibu hiyo moja hutoa vitu vingi: pantoni moja yaweza kuwa imejaa upande wa Kigamboni, na nyingine tupu upande wa Magogoni. Tena, sehemu nyingine za programu haziruhusiwi kuigusa hesabu ya magari. Huiomba pantoni ipakie, nayo hukataa ikiwa imejaa. Huo ndio ufichaji. Faida yake ni kwamba hesabu ikiharibika, twajua pa kulitafuta kosa.

Urithi ndio uwapotezao wengi. Nimeona hata wanafunzi wa chuo kikuu wakiifanya Pantoni irithi Injini, eti kwa kuwa pantoni huendeshwa na injini. Hapa Kiswahili chenyewe ni mwalimu. Pantoni ni chombo cha majini: "ni" yaashiria urithi. Pantoni ina injini: "ina" yaashiria sehemu iliyomo ndani. Kompyuta yaweza kuipokea programu yenye kosa hilo bila kulalamika, lakini sikio la mwanafunzi halitakubali kusikia kwamba pantoni ni injini.

Huenda msomaji akasema kwamba maneno ya Java na Python ni ya Kiingereza. Ni kweli, na hapana budi yafundishwe. Lakini yaje baada ya maana. Wala shule yenye uhaba wa kompyuta isingoje. Kwa kalamu na karatasi, darasa laweza kuorodhesha vitu vya duka, zahanati au maktaba, kisha likabishana wapi pafaa "ni" na wapi pafaa "ina". Ubishi huo ndio usanifu wa programu wenyewe.