Cheni ya taimingi: ujifanyie au umpe fundi?

Leo naweka programu kando kidogo, tuzungumze gari.

Kwa wiki mbili sasa Toyota Fielder yetu ikiwashwa asubuhi inatoa sauti kama ya mnyororo unaotikiswa ndani ya debe. Sekunde chache, kisha kimya. Nikachomeka kisomaji cha OBD, simu ikanionyesha P0016, yaani mizunguko ya krenki na kamshafti haioani. Nikapima oili, iko sawa. Nikasafisha vali ya oili ya VVT-i, maana ikiziba nayo huleta msimbo huohuo. Kesho yake msimbo ukarudi. Basi mshukiwa ni cheni.

Kazi yangu ni kusaka makosa kwenye programu, kwa hivyo nilijiambia, Jumamosi nashika spana. Sasa nimebadili nia.

Si kwamba kazi haieleweki. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na cheni ndiyo inayozifunga pamoja ili vali zifunguke kwa wakati wake. Kwenye injini ya 1NZ-FE cheni iko nyuma ya kifuniko cha mbele. Utatoa puli ya krenki, kifuniko cha vali na mauntingi ya injini upande huo, kisha upange alama kwa alama. Mtu makini anaweza.

Shida ni bei ya kosa. Programu ikianguka, narekebisha naiendesha tena. Injini haina Ctrl+Z. Ukikosea meno kadhaa ukawasha, pistoni inaweza kugonga vali, na vali ikipinda ni kufungua silinda hedi. Na gari hili ndilo humpeleka mama kliniki kila Jumatano. Nikikosea mimi, atakayeumia ni yeye.

Kwa hivyo naona swali la "naweza?" halitoshi. Jiulize pia: nikikosea nitajuaje kabla ya kuwasha, na nani atalipa?

La kwanza lina jibu. Kabla ya kuwasha, zungusha krenki kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili. Alama za gia zirudi pale pale. Vile viungo vya rangi vya cheni havitarudi, usishtuke. Ikikwama, usilazimishe.

La pili ndilo lililoniamulia. Nitanunua seti nzima mwenyewe: cheni, tenshena, reli zake na sili. Fundi atafunga, nami nitasimama hapo, na hatawasha kabla hajaizungusha kwa mkono nikiona.

Kama nyumbani kuna gari la pili na huna haraka, jaribu. Mafundi wote walianza na injini ya kwanza. Mimi Jumatano nina abiria.

Je, wewe ungeamua vipi?