Mialo Miwili, Ziwa Moja

Ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa, neno mwalo tunalo kwa kazi mbili. Upo mwalo wa samaki, na upo mwalo wa dhahabu, pale mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanapooshwa na kutiwa zebaki. Huko Geita si ajabu kukuta nyumba moja ina kijana huku na mwingine kule. Nawaandikia wote wawili.

Zebaki hunasa chembe za dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya mkaa. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa. Wengi hudhani imekwisha hapo. Wapi! Mvuke ambao mchomaji hakuuvuta mwenyewe hutua ardhini, na mvua huisomba zebaki hiyo pamoja na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha, hadi mtoni, na mto huishusha ziwani. Kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo mwili huitoa polepole mno. Dagaa na furu huwa nayo kidogo. Sangara huwameza hao mwaka baada ya mwaka, na zebaki ya kila mmoja hubaki mwilini mwa sangara. Ndiyo sababu sangara mkubwa huwa nayo nyingi kuliko sato. Tena imo kwenye mnofu wenyewe: kukaanga hakuiondoi, wala kubanika.

Sisemi tuache samaki. Wengi waliopimwa katika Ziwa Victoria wamekutwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kiwango kinachotumiwa na wengi kama mpaka. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki ulipotambuliwa mwaka 1956, kiwanda kilikuwa kimekwishamwaga zebaki baharini kwa miaka mingi, na walizaliwa watoto wenye ubongo ulioharibika ilhali mama zao, waliokula samaki wa huko, walionekana wazima. Sisi hatujafika huko.

Mwenye mwalo, chomea donge ndani ya chombo kilichofunikwa, chenye bomba la kupoozea mvuke. Zebaki inakurudia, unaitumia tena, na hiyo ni hela yako. Marudio yazuie kwa tuta, mbali na mto. Na jikoni usichomee, tafadhali, hata kama ni kijidonge na usiku umeingia. Mama mjamzito, kula dagaa na sato. Sangara mkubwa mpunguze.

Mwenyekiti wa kijiji, kwenye mkutano ujao waite watu wa mialo yote miwili wakae benchi moja. Akiwapo mwenye chombo hicho, mwombe aje nacho, akiwashe mbele yao.