Watoto Kulala Kambini: Majibu kwa Wanaobeza na kwa Wanaosifia Mno

Wazo lenyewe ni jepesi kulieleza. Likizo ya Juni ikifika, watoto wa miaka kumi hadi kumi na minne wanakusanywa mahali pamoja kwa siku tano au sita, mbali na simu na televisheni. Wanaogelea, wanapika, wanacheza, na katikati ya hayo wanafundishwa kutuliza akili: kukaa kimya dakika chache, kuifuata pumzi, kuitambua hasira inapopanda kabla haijafika mkononi. Marekani na Uingereza kambi za namna hii zipo na wazazi wanazilipia pesa ndefu. Litaje wazo hilo pwani ya Lindi, Sudi kwa mfano, utapewa majibu papo hapo. Mengi kati ya hayo nayapinga. Lakini hoja ninayoipinga kuliko zote haitoki kwa wanaobeza.

"Mtoto wa kwetu halali nje ya kwao." Inashangaza kusikia haya kwenye pwani iliyolea jando. Wazee wanaoyasema walilala kumbini majuma mengi wakiwa wadogo kuliko watoto tunaowazungumzia, kwenye vibanda vya porini, bila mama kuruhusiwa hata kuchungulia. Siku ya kutoka walinyolewa, wakaogeshwa, wakavikwa nguo mpya, na kumbi likachomwa moto. Wapo pia watoto wanaofuatana na baba au mjomba dagoni, kambi ya wavuvi, wakalala mchangani karibu na vyombo mpaka bamvua lipite. Na wapo watoto wa darasa la saba wanaolazwa shuleni kabla ya mtihani wa Septemba, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro yamepangwa sakafuni, na chakula kinatoka kwenye michango ya wazazi. Kambi hiyo ya mtihani haimshangazi mtu.

Kwa hiyo kulala nje si jambo geni hapa. Linalopaswa kuulizwa ni nani anakesha na hao watoto. Mwaka 2023 Serikali ilipozuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wengi walisikia kwamba bweni ni baya. Mimi nilisikia jambo jingine: mtoto wa miaka saba anahitaji mtu mzima aliye wake, na shule nyingi hazikuwa na mtu huyo wa kumpa. Kwa kipimo hichohicho, kambi yoyote ya watoto inayopokea mtoto wa miaka saba alale peke yake ningeikataa, iwe ya utulivu, ya mpira au ya masomo ya dini.

"Hiyo ni dini ya Kihindi imevalishwa suti." Hapa tuseme ukweli bila kuuma maneno. Mazoezi haya kwa sura yake ya sasa yalienezwa na Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mafunzo yake mwaka 1979 katika chuo cha udaktari cha Massachusetts, kwa watu wazima wenye maumivu sugu ambayo dawa zilishindwa kuyamaliza. Yeye mwenyewe alijifunza kwa walimu wa Kibudha, na halifichi hilo. Aliliondoa jina la Buddha na ibada yake, akabakiza kukaa, kupumua na kuangalia mawazo yanavyokuja na kupita. Mzazi anayeuliza mazoezi yametoka wapi ana haki ya kujibiwa hivyo, na mwandaaji anayekwepa swali hilo asipewe watoto.

Ila kutoka hapo hadi kusema kwamba kukaa kimya ni ushirikina wa kuletwa, hapana. Pwani hii ina itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani. Ina tariqa za Qadiriyya na Shadhiliyya, ambazo zimefundisha vizazi vya watu kuishika pumzi na kuirudisha akili pale inapotoroka. Mwalimu wa madrasa anayemwambia mtoto aswali kwa khushui, asigeuze shingo kila mlango unapolia, anamfundisha jambo lilelile kwa nia nyingine. Na hofu ya watu wanaokaa pamoja na kuinamisha vichwa si mpya hapa: mwaka 1908, barua iliyodaiwa kutoka Makka ilipozagaa Lindi ikiwataka Waislamu watubu, watawala wa Kijerumani waliingiwa na wasiwasi, wakaanza kuziangalia halaiki za zikri kama maandalizi ya vita vingine baada ya Maji Maji. Kambi ya watoto wa Sudi ina sababu ya kupanga ratiba yake kwa kufuata vipindi vya sala. Haina sababu ya kushindana navyo.

"Watoto wetu hawana msongo wa mawazo, hayo ni maradhi ya mjini." Nitajibu kwa ufupi kwa sababu hoja yenyewe haina miguu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika, mafuriko yalikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, na nyumba zikaingia maji watoto wakiwa ndani. Pwani hii ina wavuvi waliokwenda kuvua kwa baruti wasirudi na mikono, na wengine hawakurudi kabisa. Mtoto anayesubiri ngalawa ya baba iliyochelewa, upepo wa kusi ukivuma, anajua wasiwasi vizuri sana. Hajapewa jina la kuuita, basi.

"Tayari tuna jando na unyago." Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wanaoitoa wanastahili kusikilizwa kwa makini kuliko wanavyosikilizwa na watu wa semina. Wanachosema ni kwamba kazi ya kumtoa mtoto nyumbani, kumkalisha, kumpa mlezi na kumrudisha akiwa mtu mwingine, imefanyika hapa kwa karne nyingi bila mtaalamu kutoka ng'ambo. Ni kweli. Mtu anayetaka kuanzisha kambi pwani ya kusini bila kwanza kuzungumza na manyakanga na makungwi wanaoongoza shughuli hizo, anajitafutia aibu.

Lakini jando na kambi hii havifanyi kazi moja. Jando humpitisha mtoto mlango mmoja, mara moja tu maishani, na humpitisha kwa siri, kwa maumivu na kwa hofu. Hofu ni sehemu ya mafunzo. Mtoto anayefundishwa kuiangalia hofu yake bila kukimbia anatakiwa awe huru kunyanyuka na kuondoka, na huwezi kuchanganya hayo mawili katika juma moja. Kwa upande wa wasichana, malalamiko yanayosikika mikoa ya Lindi na Mtwara yanajulikana: binti wa miaka minane au tisa anafundishwa unyagoni mambo ya mke, ngoma zinagongana na muhula wa shule, na baadhi ya waliochezwa hawarudi darasani kwa moyo uleule. Serikali za mikoa zimesisitiza shughuli hizo zifanywe wakati wa likizo. Nani basi anawafundisha watoto hao yaliyobaki, yale ya kila siku ya hasira, wivu, uongo na woga?

Na hili la kuchukua umbo la jando na kuligeuza limewahi kujaribiwa karibu sana na hapa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakulipiga vita jando kama wamisionari wengi wenzake. Aliona kulifuta ni kuwapoteza watu, akaliacha kumbi, akaiacha kambi ya porini, akaondoa tambiko na mafunzo aliyoona hayafai, akaweka sala na mapadri wa kienyeji. Mtu anaweza kumlaumu kwa mengi, kwa sababu nani alimpa mamlaka ya kuchuja mila za watu? Hata hivyo alielewa kwamba hakuna kambi ya watoto inayosimama hapa kama wazazi hawaitambui.

Sasa nije kwa wanaosifia. "Mtoto akifundishwa kutuliza akili, atafaulu, hatapigana, hatapata sonona." Hili ndilo ninalolipinga kwa nguvu, maana linauzwa kwa wazazi wenye pesa kidogo na matumaini mengi. Uingereza walilipima. Mradi ulioitwa MYRIAD, ukiongozwa na watafiti wa Oxford akiwemo Willem Kuyken, ulifuatilia wanafunzi zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14 katika shule zaidi ya 80. Nusu ya shule zilifundisha mazoezi haya, nyingine ziliendelea na masomo yao ya kawaida ya tabia na mahusiano. Matokeo yalitoka mwaka 2022: hakukuwa na tofauti ya maana. Watoto wengi hawakuyarudia mazoezi nyumbani, wengine waliyaona yanachosha, na kulikuwa na dalili kwamba kwa watoto waliokuwa tayari na hali mbaya hayakusaidia, pengine yaliwaongezea uzito.

Wapenzi wa kambi hujibu kwamba darasani si kambini. Sawa, ila hilo ni tumaini, bado si ushahidi. Ninachokubali ni kidogo zaidi. Mpe mtoto mshipi, mkalishe kwenye ngalawa iliyotia nanga, mwambie aweke uzi juu ya kidole cha shahada na asiseme neno mpaka atambue tofauti ya mkondo, mwamba na samaki anayeonja chambo. Au mpe korosho moja ya kukaanga, aikague, ainuse, aitafune polepole mpaka iishe. Kabat-Zinn alitumia zabibu kavu kwa zoezi hilo. Hapa hatuna haja ya kuagiza. Mtoto atacheka, atapoteza uzi, atarudi, na juma likiisha atakuwa amejifunza kwamba akili yake inatangatanga na kwamba inarudishika. Hilo linatosha kuitwa faida. Halitoshi kuandikwa kwenye tangazo kama tiba.

Imebaki hoja ya usalama. Siibishi, naiongezea uzito. Ghuba ya Sudi imejificha vizuri kiasi kwamba Machi 1916 meli ya Kijerumani Marie ilipenya vizuizi vya Waingereza ikashusha silaha humo, na maji yake ya ndani yanaonekana mapole. Watoto huzama kwenye maji yanayoonekana mapole. Kambi isiyo na mtu mzima anayehesabu vichwa kila watoto wanapoingia na kutoka majini isifunguliwe. Usiku, wasichana na wavulana walale mbali, matroni awe macho, na mlezi asibaki chumbani peke yake na mtoto mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inambana kila anayemlea mtoto, hata kwa siku tano, na kila mtoto aimalize siku ya kwanza akiijua kwa moyo namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo kupiga ni bure.

"Basi itakuwa ghali," husemwa mwishoni. Chakula si ghali: samaki wapo, muhogo upo, na Juni korosho hazijaanza kuvunwa, kwa hiyo hakuna mzazi atakayesema anamhitaji mtoto shambani kuziokota. Ufuta ndio wa kuangalia, kwa sababu wengine bado wanavuna. Fungu kubwa la pesa litakwenda kwa walezi, mmoja kwa watoto wasiozidi wanane, wenye mafunzo na waliochunguzwa. Mwandaaji atakayekuja na bajeti yenye mahema mazuri na walezi wawili wa kujitolea kwa watoto arobaini, arudishwe alikotoka kwa barabara ileile aliyojia.